Okidi imenyauka na chungu kimelowa: nianze na dawa gani?

Swali: Mimi ni mama wa Migosi, Kisumu. Binti yangu aliniletea okidi kutoka Nairobi ikiwa na maua meupe. Maua yalikaa miezi miwili na kitu, yakaanguka, na tangu hapo ni shida tu. Majani ya chini yamekuwa manjano, ya juu yamelegea na kuingia mikunyanzi. Nilidhani ina kiu nikaongeza maji, ikazidi kulegea. Kwenye maungio ya majani kuna vitu vyeupe vya pambapamba, na jani moja lina doa jeusi. Dada yangu aliyeko Nakuru anamwagilia yake mara moja kwa wiki na inachanua kila mwaka. Jirani ananiambia niweke majivu na samadi, na kijana wa agroveti amenionyesha dawa ya ukungu. Nianze na ipi?

Jibu: Mama, usinunue dawa bado. Kwa maelezo yako, shida kubwa iko ndani ya chungu, na dawa ya kupulizia majani haifiki huko. Maua kuanguka baada ya miezi miwili au mitatu ni kawaida yake, hilo liondoe kwenye hesabu. Hata jani moja la chini kabisa kugeuka manjano na kudondoka mara mojamoja ni uzee tu. Kinachobaki ni mambo matatu yaliyokutana kwenye mmea mmoja: mizizi, wadudu na lile doa. Nitaanza na mizizi kwa sababu ndiyo inayoua, na nitakaa hapo zaidi.

Okidi uliyonayo, kwa jinsi unavyoieleza, ni Phalaenopsis. Ndiyo inayouzwa zaidi kwenye maduka ya maua na supamaketi. Kwao ni misitu ya joto ya Asia ya Kusini-Mashariki, na huko haioti ardhini. Inajishikiza kwenye matawi ya miti, mizizi ikiwa nje hewani. Mvua inapiga, mizizi inalowa, upepo unapita, inakauka. Kila mzizi umevikwa gamba nene jeupe linalonyonya maji kama sponji na kuyapitisha ndani polepole. Gamba hilo likiwa kavu linang'aa rangi ya fedha, likilowa linakuwa kijani. Ukiufungia mzizi wa namna hii kwenye maji siku baada ya siku, unakosa hewa, unakufa, kisha ukungu unakuja kula kilichokufa. Na mzizi uliokufa haunywi. Ndiyo maana mmea unaweza kufa kiu huku chungu kimejaa maji.

Ubaya ni kwamba okidi iliyonyimwa maji kweli ina sura hiyohiyo: majani yamelegea, yana mikunyanzi, yanakunjika mkononi kama karatasi ya zamani hayavunjiki. Huwezi kutofautisha kwa kutazama majani. Anayekupa dawa kwa kuangalia picha ya majani peke yake anabahatisha, na mimi pia nabahatisha mpaka uing'oe.

Basi ing'oe. Tafuta asubuhi usiyo na haraka. Weka chungu kwenye karai la maji ya vuguvugu kwa robo saa ili mizizi iliyoshikana na plastiki iachie. Finya chungu pembeni, ukigeuze, mmea utoke wenyewe. Usiuvute kwa majani. Ondoa maganda yote ya zamani na uoshe mizizi kwa maji yanayotiririka. Katikati kabisa, chini ya shina, pengine utakuta donge limeshikana na kulowa hata kama juu palikuwa pakavu. Wakulima wengi huziotesha zikiwa ndogo ndani ya kidonge cha sfagnamu, mimea laini ya kinamasi iliyokaushwa, na donge hilo hubaki humo mpaka dukani. Litoe lote, hata ikibidi kwa kijiti.

Sasa kagua mzizi mmojammoja kwa vidole. Ushike kati ya kidole gumba na cha shahada, uufinye taratibu. Mzizi mzima ni mgumu. Uliokufa unabonyea, unatoa majimaji ya kahawia, na ukiuvuta kidogo lile gamba la nje linachomoka, unabaki na uzi mwembamba mkononi. Nasisitiza kufinya kwa sababu rangi inadanganya. Mzizi uliokaa gizani katikati ya chungu huwa wa manjano au kahawia kidogo na bado ni mzima kabisa, na nimeona watu wakiikata mizizi kama hiyo yote kisha wakashangaa mmea umekufa. Nusa pia. Mizizi mizima hunuka kama kuni zilizolowa mvua, iliyooza inanuka uvundo.

Kata iliyokufa. Tumia wembe mpya, au mkasi uliopitishwa kwenye moto wa kiberiti au wa gesi mpaka ukapata moto hasa, ukaachwa upoe. Kuufuta kwa kitambaa hakutoshi, nitaeleza sababu nikifika kwenye virusi. Pale ulipokata, gusisha unga kidogo wa mdalasini, ule wa pilau. Unakausha kidonda na unazuia ukungu. Lakini usiunyunyize kwenye mizizi mizima, kwani utaikausha nayo. Kuna wanaoshauri kumwaga haidrojeni peroksaidi juu ya mizizi na kufurahia inavyochemka. Mimi siitumii. Inachoma kilichokufa na kilicho hai bila kuchagua.

Ukimaliza, laza mmea juu ya gazeti kivulini mpaka jioni, au hata mpaka kesho yake. Vidonda vikauke. Okidi haitadhurika kwa usiku mmoja nje ya chungu.

Kuhusu chungu chenyewe: okidi za zawadi huja ndani ya plastiki yenye matundu, kisha plastiki ikatumbukizwa ndani ya chungu cha kupendeza kisicho na tundu hata moja. Ukimwagilia, maji yanapita kwenye plastiki na kusimama chini usipoyaona. Kama chako kiko hivyo, umekwisha kupata jibu la swali lako. Chungu cha mapambo unaweza kukibakiza kwa uzuri wake, lakini mwagilia okidi ikiwa nje ya hicho, ichuruzike robo saa kwenye sinki, ndipo uirudishe. Na chungu kipya cha plastiki kiwe kidogo, kinachoenea mizizi iliyobaki tu. Kikubwa kinakaa na unyevu muda mrefu kuliko mizizi michache inavyoweza kunywa.

Cha kupandia ni maganda ya msonobari yaliyovunjwavunjwa vipande vya sentimita 1 hadi 2.5, si udongo. Magharibi hatuna shida ya maganda, viwanda vya mbao vya Eldoret na Elburgon vinayo. Tatizo ni kuyapata yakiwa safi na ya kipimo kimoja. Ukiyapata, yaloweke usiku kucha kwanza, maana yakiwa makavu kabisa yanakataa maji. Changanya na vipande vya makaa ya kawaida vya ukubwa huohuo, ambavyo havijawahi kuwashwa, na chekecha vumbi lake lote. Mawe mepesi ya volkano yanayochimbwa upande wa Naivasha na kutumiwa na mashamba ya maua pia ni mazuri sana. Makumbi ya nazi yanafaa, ila yana chumvi. Yaloweke na kuyamwaga maji mara kadhaa kabla ya kuyatumia.

Sasa majivu na samadi. Jirani yako ana nia njema, na kwa sukuma wiki yuko sawa. Kwa okidi, majivu yanaleta magadi, wakati yenyewe inataka uchachu kidogo, pH 5.5 hadi 6.5. Samadi inaziba nafasi za hewa na kuunguza ncha za mizizi kwa chumvi zake. Mbolea za shambani za DAP na CAN vivyo hivyo, usithubutu. Mbolea itakayofaa baadaye ni ile ya kuyeyusha kwenye maji, NPK 20-20-20, nusu kijiko cha chai kwa lita 4 za maji, kila wiki ya pili, na katikati maji matupu ya kusuuza chumvi. Baadaye, nimesema. Mmea usio na mizizi haulishwi. Ngoja uone mzizi mpya wenye ncha ya kijani au ya zambarau.

Baada ya kupanda upya, kaa siku tatu au nne bila kumwagilia. Kisha mwagilia asubuhi tu, na usifuate kalenda. Tazama mizizi kupitia plastiki inayoonyesha ndani: ikiwa bado kijani, acha, ikigeuka rangi ya fedha, mwagilia mpaka maji yatoke chini. Kama chungu hakionyeshi ndani, kinyanyue. Mkono unazoea haraka uzito wa chungu kikavu.

Ikiwa imebaki na mzizi mmoja au hata sifuri, usikate tamaa. Iweke juu ya makumbi yaliyolowekwa na kukamuliwa mpaka yasidondoshe tone, ndani ya mfuko mkubwa wa plastiki nyeupe inayopitisha mwanga, uliotobolewa matundu machache, kivulini penye mwanga. Ule unyevu wa hewa unapunguza maji yanayopotea kwenye majani wakati shina linatafuta nguvu ya kutoa mzizi. Usiache jua liupige mfuko huo hata kidogo, utaipika. Kazi hii inachukua miezi, na majani yaliyokwisha kunyauka mara nyingi hayarudi laini kabisa. Kipimo cha kupona ni jani jipya na mzizi mpya.

Haya, wadudu. Hivyo vitu vyeupe ni vidung'ata. Wanafyonza utomvu na kujificha panapobana: maungio ya majani, chini ya jani, kwenye ukingo wa chungu, wakati mwingine hata mizizini. Ukiona sisimizi wanapanda okidi, wanafuata ule unato mtamu wanaouacha vidung'ata. Tenga mmea na mimea mingine leo hii. Nunua spiriti ya asilimia 70 kwenye duka la dawa, chovya kijiti cha pamba cha masikio, mguse kila mmoja unayemwona. Ule weupe ni nta inayowakinga. Spiriti inaiyeyusha, na mdudu anageuka rangi ya kahawia palepale mbele ya macho yako. Kisha futa majani yote juu na chini. Usimwage spiriti kwenye kitovu cha mmea, pale jani jipya linapochomoza, wala kwenye mizizi.

Halafu rudia kila wiki kwa wiki tano hivi. Hapa ndipo wengi wanaposhindwa. Mayai hayafi yote siku ya kwanza, watu wanaona mmea umesafika wanaacha, na mwezi ukiisha wanasema spiriti haifanyi kazi. Inafanya, ila haitaki uvivu. Kwa okidi moja ya nyumbani sioni sababu ya kupulizia sumu kali sebuleni wanapokaa watoto. Na ukiona siku moja matone safi, yenye utamu, kwenye shina la maua bila mdudu wowote, hayo mmea huyatoa wenyewe, yafute tu.

Doa jeusi ulieleze zaidi, lakini naweza kukufundisha kulisoma. Lipapase. Likiwa kavu, limebonyea, limeanza likiwa jeupe au la kufifia kabla ya kuwa jeusi, na liko upande wa jani unaotazama dirisha, ni jua limelichoma. Haliambukizi, sogeza mmea uliache. Likiwa bichi, laini, linaonekana limejaa maji na lina mzingo wa manjano, hiyo ni bakteria, na kwa joto la Kisumu inaweza kumaliza jani zima kwa siku chache. Kama huna hakika, chora mstari kwa kalamu kulizunguka, juu ya jani lenyewe. Kesho kutwa tazama. Doa lililobaki ndani ya mstari halina haraka. Lililovuka, kata jani sentimita 2 ndani ya sehemu nzima, kwa wembe uliochomwa moto, paka mdalasini, na punguza kulowesha majani.

Dawa nyingi za ukungu za agroveti zimelenga viazi na nyanya; mankozebu, kwa mfano, inazuia ukungu usianze lakini haifanyi lolote kwa bakteria, na haifufui mzizi uliokufa. Yule kijana hana kosa, anauza kilichoko rafuni. Dawa za kopa, yaani zenye madini ya shaba, zinapunguza bakteria kwenye Phalaenopsis, ila usizitumie mmea ukiwa na maua, na kama siku moja utapata okidi aina ya Dendrobium usizitumie kabisa, zinaiunguza.

Kuna doa moja baya kuliko yote: linaloanzia kwenye kitovu. Jani la katikati likichomoka kirahisi mkononi na chini yake pameoza, maji yamelala humo usiku. Hutokea sana kwa wanaoacha okidi nje kwenye veranda msimu wa mvua ndefu, Machi mpaka Mei, wakidhani mvua ni baraka. Na Kisumu mvua hupenda kushuka alasiri na jioni, kwa hiyo mmea unaingia usiku ukiwa na kidimbwi katikati. Kausha kwa ncha ya karatasi ya tishu, weka mdalasini, uinamishe mmea upande. Kitovu kikishaoza chote, hautatoa tena jani pale, lakini ukiwa na mizizi mizima unaweza kuchipuza mtoto pembeni.

Sasa dada yako wa Nakuru, maana naona anakuumiza moyo. Hata mngemwagilia sawa, hamuishi mahali pamoja. Kisumu iko mita 1,100 na kitu juu ya bahari, Nakuru karibu 1,850. Phalaenopsis huchochewa kutoa shina la maua ikikaa wiki kadhaa kwenye ubaridi wa wastani, chini ya nyuzi 26 hivi. Nakuru inaupata bila kuutafuta. Mchana wa Kisumu mara nyingi unapita hapo. Yako ikishapona, mwezi wa Juni na Julai iweke kwenye chumba chenye ubaridi kuliko vyote, upepo wa usiku uifikie. Yeye naye ana yake ya kuangalia: usiku wa Julai wa Nakuru ni baridi kupita inavyopenda, kwa hiyo isigusane na kioo cha dirisha. Na maji ya visima vya huko yana floraidi na chumvi nyingi. Akiona ukoko mweupe juu ya maganda na ncha za mizizi zimekuwa nyeusi, atumie maji ya mvua, baada ya mvua ya kwanza kuosha vumbi la mabati. Maji ya ziwa kwenu hayana tatizo hilo.

Mwanga: dirisha la mashariki, jua la asubuhi mpaka saa tatu au saa nne, basi. Ushauri mwingi wa mtandaoni umeandikiwa Ulaya na Marekani, ambako wanasema dirisha la kusini na kuonya juu ya hita za majira ya baridi. Sisi tuko kwenye ikweta. Jua linahama, Juni liko kaskazini, Desemba liko kusini, na la saa nane mchana linachoma kutoka popote. Jani la rangi ya kijani cha nyasi lina mwanga wa kutosha. Kijani kizito sana ni giza, na haitachanua. Na isikae karibu na sinia la ndizi mbivu wala jiko la makaa. Gesi ya ethilini inayotoka kwenye matunda na moshi hudondosha vitumba kabla havijafunguka.

Nikirudi kwenye wembe: okidi zina virusi viwili vinavyojulikana sana, cha mozaiki ya Cymbidium na cha madoa-pete ya Odontoglossum. Vyote vinahama kwa utomvu unaobaki kwenye mkasi. Dalili ni michirizi ya kufifia au myeusi kwenye majani, au maua yenye rangi iliyokatikakatika. Havina dawa. Mmea ukipimwa ukakutwa navyo, unachomwa. Yako sioni dalili hizo kwa ulivyoeleza, lakini wembe mmoja kwa mmea mmoja uwe desturi, hasa kama mtaanza kubadilishana miche na dada yako.

Pia usiibadilishe hii kwa zile wanazouza watu kando ya barabara wakisema wamezitoa msituni. Okidi za porini, kuanzia ile ya madoa ya chui, Ansellia africana, ziko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama wa porini, na zilizobanduliwa mtini nyingi hufia sebuleni.

Ikitoa shina la maua huku ina mizizi miwili tu, likate, hata kama roho itauma. Itatumia nguvu zake zote kwenye maua. Na ukishaing'oa, kabla hujakata chochote, piga picha ya mizizi iliyooshwa kwenye mwanga wa mchana unitumie, pamoja na idadi ya ile uliyoifinya ukaikuta migumu.